Giaboksi Niliyoizika Ikiwa Hai

Wiki iliyopita ndugu mmoja wa Nachingwea aliniandikia kwamba gari lake, Toyota Carina ya otomatiki ya mwaka 1998, linashtuka kila anapoweka D (gia ya kwenda mbele), usukani unalia asubuhi, na fundi amekwisha kumwambia atafute giaboksi nyingine. Aliniuliza jambo moja tu: giaboksi ya mtumba inapatikana wapi kwa bei nafuu? Nilimjibu asinunue chochote kwanza, na kwa kuwa jibu langu lilikuwa kali kuliko swali lake, namwomba radhi na kueleza hapa kilichonifanya niwake.

Mwaka 2019, baada ya mauzo ya korosho, nilinunua Carina kama hiyo jijini Dar es Salaam, nikaileta mwenyewe. Niliingia Mikindani jua likizama, nikajiona nami ni mtu. Miezi miwili baadaye, nikiweka D gari linagonga kama limepigwa nyundo kwa chini. Nikiweka R, ya kurudi nyuma, linagonga zaidi. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Aliliendesha mita chache, akashuka akitikisa kichwa, akasema giaboksi imekwisha. Nilimwamini kwa sababu alizungumza bila kusitasita, nami niliona haya kuuliza maswali mbele ya vijana wa gereji, mwalimu mzima. Giaboksi ya mtumba ikaja kwa basi, shilingi 900,000 bila gharama ya ufundi. Ilipofungwa, niliweka D, na gari likagonga vilevile. Ile ya zamani ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tena mimi mwenyewe ndiye niliyesaidia kuipakia kwenye toroli.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Lindi ambaye gereji yake ni mwembe na benchi. Aliniketisha kwenye usukani, akaniamuru nikanyage breki kwa nguvu, akafungua boneti na kusimama ubavuni mwa gari, si mbele yake. "Mwalimu, weka D. Sasa R. Tena D." Kila nilipobadilisha, injini iliruka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mpira mmoja kati ya ile inayoishikilia injini ulikuwa umekatika. Mpira mpya ulinigharimu shilingi 40,000, na mpaka leo nikizikumbuka hizo bei mbili kwa pamoja, chai hainipiti.

Giaboksi inayoumwa kweli husema kwa namna nyingine, na msemaji wake wa kwanza ni oili. Katika magari haya yenye kijiti cha kupimia, oili hupimwa gari likiwa limepata moto, limesimama mahali tambarare na injini inawaka. Unakanyaga breki, unapitisha mkono wa gia katika nafasi zote, unaurudisha P, ya kuegesha, ndipo unavuta kijiti, unakifuta, unakirudisha na kukivuta tena. Oili nyekundu ni njema. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, sahani za klachi ndani zinateketea, na ikifanana na chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, basi usiliwashe tena. Hesabu pia muda: katika Toyota nyingi za otomatiki za rika hili, kutoka N (gia huru) hadi D gia inapaswa kushika kabla ya sekunde 1.2, na R kabla ya sekunde 1.5. Ukipanda mlima wa Newala ukasikia injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki, gia inateleza. Na taa ya O/D OFF kwenye dashibodi (O/D ni overdrive, gia ya juu kabisa) ikianza kupepesa yenyewe, kompyuta ya gari imeandika kosa. Lisomwe hilo kabla ya mtu kushika spana.

Kuhusu usukani nitakuwa mfupi, maana aibu yangu hapo ni ndogo. Fungua kikopo cha oili yake: ukikuta povu, hewa inaingia, mara nyingi kwenye hozi inayopeleka oili kwenye pampu. Mimi nilikuwa naongeza oili kila wiki kwa fahari, kumbe kilichotakiwa ni kukaza klempu. Usukani ukipiga yowe unapoukata hadi mwisho, angalia mkanda kwanza. Usukani ukiwa na mchezo, yaani unauzungusha kidogo na magurudumu hayageuki, piga jeki, shika tairi la mbele kwa ubavu wake wa kushoto na wa kulia ulitikise. Likicheza, tazama tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu. Likicheza ukilishika juu na chini, shuku boljointi (kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu) au beringi.

Ndugu zangu, tunaotoa pesa za korosho kununua magari ya miaka 25, tuache kununua spea kwa hofu. Pima kwanza. Fundi akikasirika kwa sababu umeuliza amepima nini, chukua ufunguo wako uondoke. Nasema tena, pima kwanza.

Jana jioni yule ndugu wa Nachingwea alinitumia video. Injini yake imetulia kabisa, mipira yote mizima, kwa hiyo nilichokuwa na hakika nacho hakikuwapo. Ila kijiti kilitoka kikavu karibu hadi ncha, na chini ya rejeta kuna matone mekundu kwenye kiungo cha paipu inayopitisha oili ya giaboksi. Jumamosi anabadilisha paipu hiyo na kujaza oili, kisha atapima upya.