Maswali ya wasomaji: Nataka picha za simu zifanane na za mkanda

SWALI: Habari kaka, dada yangu anaolewa Desemba na anataka picha zake ziwe kama za harusi ya mama, zile za mkanda za miaka ya 1980. Mpigaji ni mimi na nina simu tu. Nimejaribu filta kibao lakini sura zinatoka njano njano na picha nzima inakuwa na ukungu, sasa nakosea wapi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Hongereni kwa harusi ndugu yangu. Kabla hujagusa simu chukua albamu ya mama ukae nayo dirishani, maana zile picha leo zina mambo mawili yamechanganyika, kuna vile mkanda ulivyoiona harusi na kuna vile karatasi ilivyozeeka. Picha ya rangi ya enzi zile imejengwa na rangi tatu, samawati, waridi na njano, na mara nyingi hiyo samawati ndo inaanza kufifia hata albamu ikae gizani kabatini, ndo maana picha nyingi za wazazi wetu zimegeuka nyekundu. Filta nyingi zinaiga huo uzee tu. Siku mama anazichukua studio zilikuwa na rangi zake kamili, na kwa harusi mimi ningefata hizo.

Kazi kubwa iko kwenye kupiga. Mkanda wa negativu unavumilia sana mwanga ukizidi, simu haivumilii, shela jeupe likishaungua, yaani likawa jeupe tupu bila mikunjo kuonekana, limeungua, hakuna programu ya kulirudisha. Kwa hiyo kwenye skrini gusa pale shela lilipo, shusha mwanga kidogo ndo upige, na kama simu inaruhusu zima HDR, ile ya simu kuchanganya picha kadhaa za mwanga tofauti, yenyewe inafungua vivuli vyote mpaka picha inakuwa bapa wakati kwenye mkanda giza la pembeni linabaki giza.

Kuediti, programu ya Snapseed ya bure inatosha. Punguza ukali kwanza, simu zinanoa picha mno. Halafu ile zana ya Curves, yenye mstari wa mshazari, ncha ya chini kushoto ipandishe kidogo sana na ya juu kulia ishushe kidogo. Huo ukungu wako unatoka hapo hapo, filta inaipandisha ncha ya chini mpaka picha inakosa weusi kabisa. Chembechembe, vile vinukta vidogo vya picha za mkanda, ziwe za mwisho, na ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti la sivyo zinabanwa zinakuwa madoa.

Sasa sura, na hapa naomba unisikilize vizuri. Zamani maabara za picha zilikuwa zinapima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, za Kodak zilijulikana kama kadi za Shirley, ngozi yake ikitoka vizuri basi mashine imekaa sawa. Ngozi zetu hazikuwa kwenye hesabu, ndo unakuta picha ya zamani shati linaonekana kila mshono na uso wa mwenye shati ni giza tupu, na watengenezaji walikuja kuirekebisha mikanda baadaye sana. Hiyo kasoro usiiige hata kama bibi harusi anataka uzamani, inaniuma sana kuona watu wanaizima ngozi nzuri kwa kutafuta mtindo. Ukishaweka filta ifute usoni kwa brashi, au kwenye programu ya Lightroom ya simu nenda sehemu ya rangi moja moja, rangi ya chungwa ipunguze nguvu halafu iongeze mwanga, sura itarudi yenyewe na ukuta na mapazia yatabaki ya zamani.

SWALI: Je nikitaka nyeusi na nyeupe kama za studio za zamani za Zanzibar? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Za kina Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, nazipenda mno. Wengi wanakosea kwa kujaza chembechembe, wakati kamera nyingi za studio zilikuwa na negativu kubwa na picha zinatoka laini. Chembechembe acha kabisa. Mkalishe mtu karibu na dirisha, mwanga umpige upande mmoja, nyuma yake weka kitambaa kisicho na maua, umbali wa hatua mbili hivi, ukigeuza kuwa nyeusi na nyeupe nenda ile sehemu ya rangi moja moja, ongeza mwanga wa rangi ya chungwa na nyekundu ili ngozi isizame.