Siku moja tu Tanga, niende kisiwa gani? Uliza maji kwanza

Mkuu salama? Nimesoma swali lako mara mbili, kwamba we ni mpishi kwenye boti ya matanga inayoshuka na watalii kutoka Kilifi kwenda Unguja, mwezi wa kumi mtatia nanga hapa Tanga, nahodha wenu kakupa ruhusa Jumamosi nzima ila saa kumi na moja jioni uwe umesharudi botini, na Jumapili saa nne asubuhi mnang'oa. Unataka kujua bora Toten, Ulenge au Maziwe. Waliotangulia wamekujibu kwa bei na mapicha, sijaona hata mmoja aliyekuuliza habari ya maji. Mimi mtoto wa Ngamiani, visiwa vyote vitatu nimevikanyaga, Maziwe mara mbili, na mara ya kwanza pesa ilinitoka na watoto wakarudi wanalia, ndo maana nakuandikia kirefu.

Mji wetu wenyewe unaitwa waja leo waondoka leo, kwa hiyo mgeni wa siku moja kwetu sio jambo geni. Lakini siku ya kisiwani haipangwi kwa saa ya mkononi, inapangwa kwa kupwa na kujaa. Bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huku yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kwa wastani kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Pwani yetu ina tabia moja ukishaijua huisahau: siku za bamvua maji yanajaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume, saa nne asubuhi unayakuta juu, ila hayajai sana wala hayapwi sana. Nimeangalia kalenda, Jumamosi yako inaangukia mwezi mpevu. Hilo tu limeshajibu nusu ya swali lako.

Toten ni hiki hapa kinachotazamana na mji, ukisimama bustani ya Jamhuri unakiona kimelala mbele yako kijani kitupu. Jina wamekiachia Wajerumani, maana yake wafu, na kweli kuna makaburi ya zamani na magofu ya misikiti yamemezwa na miti. Ni karibu, boti inakupeleka muda mfupi tu. Sasa we nenda asubuhi ya bamvua uone. Maji yameshakwenda zake, boti inakwama mbali, unashuka kwenye tope la mikoko linakufika magotini, mimi mwanangu kandambili yake ilibaki humo mpaka leo. Toten inataka maji yaliyojaa. Ulenge iko nje zaidi, mdomoni mwa ghuba, kuna mabaki ya majengo ya Wajerumani na mnara wa taa, napo pazuri, watu wanaopenda magofu watakwambia ndo penyewe. Mimi kwa siku yako wewe nakwambia Maziwe, na sio kwa sababu ya mapicha.

Maziwe si ya Tanga mjini, ni ya Pangani, kilomita kama 50 kusini kwetu halafu unaingia baharini. Ni fungu la mchanga tu, hakuna mti, hakuna kivuli, hakuna choo, hakuna chochote. Mara ya kwanza nilikwenda na familia tukachanganyika na kundi, tukamlipa jamaa mmoja mwenye boti ya faiba, tukaambiwa tufike saa mbili. Saa mbili tupo. Jamaa akasema anasubiri abiria wengine wawili, saa tatu ikapita, saa nne ikapita, hao wawili wakaja saa tano na nusu, tukaondoka, laifujaketi zilikuwa nne kwa watu kumi na moja. Siku ile ilikuwa bamvua kama yako. Tumefika mchanga umeshakatika katikati, kipande kilichobaki watu wa boti nyingine wameshakaa, tumetandika mkeka tu maji haya hapa yanalamba pindo, tukasogea, yakasogea, hatukumaliza hata dakika 40 jamaa anapiga kelele turudini. Watoto walikuwa hata hawajavaa miwani ya kuzamia. Hela yetu hatukurudishiwa hata shilingi, na njia nzima mke wangu hakusema neno, kambeba mdogo kajifunika khanga.

Mwaka uliofuata nikaenda peke yangu Pangani wiki moja kabla, nikauliza pale kando ya mto wavuvi wenyewe wanamwamini nani, wakanionyesha mzee mmoja anashona wavu. Nikampa shikamoo, nikamwambia nataka Jumapili inayokuja. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Jumapili hiyo maji mafu mwanangu, asubuhi utakuta yamejaa, watoto watakaa juu ya nini? Njoo Jumapili ya pili yake, saa moja na nusu uwe hapa." Nikamwambia nina pesa mkononi nilipe kabisa. Akakataa, akasema utalipa ukirudi. Nikajua huyu ndiye.

Siku yenyewe tumetoka saa mbili kamili, maji yanakwenda baharini na sisi tunakwenda nayo, mashine kaiweka chini kabisa, mto unatutoa wenyewe mpaka mdomoni. Kaskazi bado haijashika, kusi limeshakwisha, bahari imelala kama mafuta. Haikufika saa nzima tunaona mstari mweupe, kwanza mwembamba kama uzi, halafu ukanenepa, halafu ndege, mamia ya ndege wameupanda wote wameelekea upande mmoja. Tumeshuka maji ya kifundo. Mchanga wa pale haufanani na wa Raskazone, ni chembe za matumbawe na makombe yaliyosagika, ukiuchota na kuuachia unasikia unalia kama chumvi ya mawe. Kisiwa kizima chetu, tena kikubwa, mwanangu wa kwanza alikimbia kutoka ncha hii mpaka ile akarudi hana pumzi.

Mzee akachukua kijiti, akakichomeka pale povu linapoishia, akawaita watoto akawaambia hii ndo saa yenu, mkiona kijiti kiko mbali na maji chezeni, mkiona kimesimama ndani ya maji njooni mniambie. Basi ile kwenda kukagua kijiti ikawa mchezo wenyewe. Mara ya kwanza maji yako hatua kumi chini yake. Tukazamia kwenye mwamba, nimeona pono, kikande, changu wamepangana kama wako darasani, na chini wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu wako wengi kwa hiyo vaa viatu vya maji usikanyage ovyo. Tumekula mkate wa kumimina, kachori na machungwa ya Muheza. Saa sita hivi mdogo akaja mbio, "Babu, kijiti kinaoga!" Tumekwenda kutazama, kweli, maji yanakizunguka, kila wimbi likirudi linachimba shimo dogo nyuma yake, na kijiti kinainama kidogokidogo. Kikaanguka mbele ya macho yetu. Mzee hakuwa na haraka, akasema tuna nusu saa ya kukusanya vitu na kuhesabu watoto.

Hapo ndo akanionyesha na mkono, akasema pale palikuwa na mivinje. Sikumwelewa. Kumbe Maziwe kilikuwa kisiwa kweli, chenye miti, miaka ya 1970 mivinje bado imesimama. Yeye alikuwa kijana, wakija dago, yaani kambi ya uvuvi, wanalala siku tatu nne chini ya miti, wanakausha samaki, usiku kasa wanapanda kutaga karibu na miguu yao. Kisiwa hiki kilikuwa moja ya sehemu kubwa za kasa kutaga Tanzania nzima. Miti ikaondoka, mchanga ukakosa wa kuushika, mawimbi yakauchukua, na sasa bamvua maji yanapita juu yake kote. Kasa mpaka leo baadhi wanakuja kutaga palepale, na ukiwaza mayai yatakuwaje maji yakipanda usiku roho inauma. Kuna watu wa Pangani na Ushongo wanaojitolea, wakikuta mayai wanayachimbua kwa utaratibu wanayahamishia ufukwe wa Ushongo, wanayafukia upya yanaanguliwa huko. Sijawahi kukutana na kazi ya heshima kuliko hiyo, mtu anabeba mayai mia ya mnyama ambaye hatamwona tena.

Sasa siku yako mkuu. Ijumaa jioni ukifika mpigie nahodha wa Pangani mapema kabisa au mwagize mtu, usisubiri Jumamosi. Saa kumi na mbili asubuhi uwe stendi upande gari la Pangani, njia inapita Kigombe. Saa mbili muwe majini, saa nne unusu maji yamekupwa kabisa na mwamba uko karibu na juu, hapo ndo pa kuzamia. Saa sita na nusu ondokeni hata kama mchanga bado unaonekana mkubwa, maana bamvua maji katikati ya kujaa yanakimbia kuliko unavyodhani. Mkirudi yanajaa, yanawaingiza mtoni taratibu, mdomo wa Pangani ni mbaya maji yakiwa yanatoka na upepo unaingia, mkichelewa mpaka jioni mnaukuta hivyo. Saa nane uko Pangani unakula, saa tisa kasoro kwenye gari, saa kumi na nusu uko Tanga. Hii nusu saa ya mwisho usiichezee, boti yenu ikikuacha hakuna wa kukulipia nauli ya Unguja.

Kabla hujapanda hesabu laifujaketi mwenyewe, moja kwa kila kichwa, zikipungua shuka, tafuta mwingine, usione haya. Maziwe ni sehemu tengefu, kuna ada, lipa upewe risiti, beba na kitambulisho kwa sababu bei ya mwenyeji na ya mgeni hazifanani. Kuvua hakuna, najua mpishi mkono utakuwasha ukiwaona wale changu, waache. Samaki wa kununua utawapata mjini Pangani au hapa kwetu Deep Sea boti zikiingia. Maji ya kunywa beba lita tatu peke yako, mwavuli na kitambaa cha kichwa, na taka zako rudi nazo zote hata ganda la chungwa.

Halafu kwa kuwa unapenda samaki, jambo moja la kwetu: kuanzia miaka ya 2003 na 2004 wavuvi wa huku walianza kukuta kwenye nyavu za jarife samaki mkubwa wa buluu mwenye mapezi kama miguu, silikanti, yule ambaye wataalamu walidhani kaisha duniani tangu enzi za madubwana ya kale mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini 1938. Kwa ajili yake ndo ikawekwa hifadhi ya bahari ya Tanga mwaka 2009, na Toten imo humo ndani. Wavuvi wetu wa Kigombe na Mwarongo wanamjua kwa macho yao. Ukiwa kwenye gari unapita Kigombe, tazama kushoto baharini, hao silikanti wanaishi huko chini kwenye makorongo ya mawe.

Ukikuta Maziwe alama za mburuzo wa kasa kutoka majini zinapanda juu, pana kama tairi la trekta, usizikanyage na usichimbe, mwite nahodha wako azione, yeye anajua wa kumpigia.

Na Jumapili mkishang'oa nanga hapa, mnamo saa kumi hivi upepo ukiwapa mtakuwa usawa wa Pangani na maji yatakuwa juu. Tazama mkono wa kulia. Hutaona kisiwa, utaona povu jeupe linavunjika katikati ya bahari tupu. Hapo ndo jana yake ulikuwa umekaa unamenya chungwa.