Mama anadhoofu nyumbani: ni uzee tu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yetu ana miaka 76, anaishi Muheza na mjukuu wake. Mwaka jana alikuwa na kilo 58, sasa ana 53, na hajajinyima chakula. Anachoka upesi, anatembea polepole, na tangu baba afariki hatoki nje. Anatumia dawa za presha, na usiku humeza piritoni ili apate usingizi. Tumemwekea dada wa kazi ili mama asiguse kazi yoyote. Kaka zangu wanasema ni uzee. Je, kuna kipimo? Na dripu ya vitamini itamsaidia?

JIBU: Marahaba. Kipimo kipo. Kinachotumika sana kilitolewa Marekani mwaka 2001 na Dkt. Linda Fried na wenzake, nacho kinaangalia mambo 5: uzito kupungua bila kukusudia (kilo 4.5 au asilimia 5 kwa mwaka), uchovu, kiganja kukosa nguvu, mwendo wa polepole, na shughuli za mwili kupungua. Mwenye 3 au zaidi amedhoofika. Mwenye 1 au 2 yuko njiani. Kwa maelezo yako mama anaelekea kuwa na 4, na kiganja chake bado hakijapimwa.

Kaka zako wana haki kidogo, maana umri unachangia. Ila wapo wazee wa miaka 85 wanaopalilia shamba, na hali hii ikiwahiwa hupungua.

Nianze na zile kilo 5, kwa sababu ndizo zinazonitia wasiwasi. Msikubali ziitwe uzee kabla hajapimwa kifua kikuu, sukari, wingi wa damu na VVU, na kuchunguzwa kama kuna dalili za saratani. Kifua kikuu kwa mzee kinaweza kuja bila kikohozi cha kutisha. Mwangalieni na meno: asiyeweza kutafuna huishia kwenye chai na mkate, na akiulizwa anasema ameshiba. Halafu kuna sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Mjane aliyeacha kutoka nje anaweza kuwa mgonjwa hasa, na sonona inatibika.

Kuhusu dawa, piritoni si dawa ya kulalia. Kwa mzee huleta usingizi wa mchana, kuchanganyikiwa, mkojo kugoma, na kuanguka. Dawa za presha asiache, ila aombe apimwe akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aangalie upya dozi. Bebeni dawa zote anazomeza, hata zile za duka la jirani. Diklofenaki ya magoti, kwa mfano, inaweza kuvujisha damu tumboni kimya kimya na kuumiza figo.

Sasa dada wa kazi. Najua mmefanya kwa mapenzi, lakini hapa ndipo familia nyingi zinapoharibu. Mwaka 2007 kulichapishwa utafiti uliofanyika Marekani ambapo wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu; walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguuni. Kukaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni kunaelekea kulekule. Mrudishieni kazi zake: achambue mchele, afagie kibarazani, aende msikitini au kwenye jumuiya na mjukuu. Pia asimame na kuketi kwenye kiti kigumu mara 5 hadi 10, asubuhi na jioni, bila kujisukuma kwa mikono akiweza, na mtu awe karibu. Kutembea tu hakutoshi. Misuli ya miguu inahitaji kuinua uzito wa mwili.

Chakula kiendane na kazi hiyo. Kwa kilo zake anahitaji takriban gramu 53 hadi 64 za protini kwa siku, isipokuwa figo zikiwa na shida. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8. Dagaa, maharage na karanga zijaze zilizobaki. Uji mtupu hauwezi kufika hapo. Dripu ya vitamini, kwa mtu anayekula na kunywa, ni pesa inayoishia chooni.

Ila akibadilika ghafla, ndani ya siku chache tu, akashindwa kusimama, akapotewa na maneno au akaacha kula kabisa, usisubiri kliniki. Anaweza kuwa na malaria, nimonia, kiharusi au maambukizi ya mkojo, na homa huenda isionekane. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.