Maswali yenu: Pensheni ya kibinafsi na mtu mwenye fomu mkononi

Ni kampuni gani bora ya pensheni hapa Kenya? (Wasomaji kadhaa, tena)

Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Hakikisha mpango umesajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia mipango ya pensheni, kisha itisha ada zote kwa maandishi pamoja na faida ya miaka mitano, si ya ule mwaka mmoja walioupamba kwenye kijitabu. Ukishayapata hayo, niandikie.

Mshauri wa fedha alikuja shuleni kwetu akatuandikisha "mpango wa uzeeni" wa miaka 15. Nalipa Sh5,000 kwa mwezi. Huu ni mwaka wa pili, nataka kutoka, naambiwa sirudishiwi kitu. Nimeibiwa? (Mwalimu, Nakuru)

Mwalimu, hukuibiwa, uliuziwa bima. Toa ile hati kabatini usome ukurasa wa kwanza. Ukikuta imeandikwa bima ya maisha, basi hiyo si pensheni, hata kama kwenye jalada kuna babu na bibi wanaocheka ufuoni. Bima za akiba za namna hiyo, ukizivunja miaka ya mwanzo, mara nyingi unatoka mikono mitupu, kwa sababu sehemu kubwa ya pesa za mwanzo huenda kwenye kamisheni na gharama. Kabla ya kuvunja, iandikie kampuni barua uulize mambo mawili: thamani ya kuvunja (yaani pesa unazorudishiwa ukivunja) inaanza lini, na je, unaweza kusimamisha malipo bila kupoteza ulichokwisha kulipa?

Huyo "mshauri" wako ni wakala. Kazi yake ni halali na wapo waungwana, lakini mshahara wake unatoka kwa kampuni, kwa hiyo usitarajie akwambie usinunue. Mshauri wa kweli unamlipa wewe, na mkobani hana fomu ya mtu. Kabla ya kutia sahihi popote, muulize: unalipwa na nani, na utapata shilingi ngapi nikisaini leo? Akianza kuzunguka, mpe chai muagane.

Hujauliza, lakini nitasema: mfanyakazi wa mshahara mmoja hahitaji mshauri ili kujiunga na mfuko. Anayemhitaji ni anayestaafu. Yeye ndiye anayeamua anunue malipo ya kila mwezi ya maisha au aziache pesa kwenye mfuko wa uwekezaji akizitoa kidogo kidogo. Ukishanunua malipo ya maisha huwezi kurudi nyuma. Hapo lipia ushauri, tena bila kunung'unika.

NSSF wananikata tayari. Pensheni nyingine ya nini? (Karani, Eldoret)

NSSF ni asilimia 6 yako na asilimia 6 ya mwajiri, lakini mpaka kikomo fulani cha mshahara tu. Halafu kuna kodi: tangu mwisho wa 2024, michango ya hadi Sh30,000 kwa mwezi, NSSF ikiwemo, huondolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE kupigwa. Ukiwa kwenye ngazi ya asilimia 30, ukichanga Sh10,000 unaokoa Sh3,000 za kodi. Mwambie mhasibu wenu aukate mchango huo kwenye mshahara moja kwa moja.

Tofauti ya ada ya asilimia moja ina uzito gani kweli? (Msomaji, Thika)

Piga hesabu. Sh5,000 kila mwezi kwa miaka 30, mfuko ukizalisha asilimia 10 kwa mwaka, ni takriban Sh11.3 milioni. Ada ikila asilimia moja, ubaki na 9, ni takriban Sh9.15 milioni. Hizo milioni mbili na ushei umemlipa mtu ambaye hujawahi kumwona uso.

Nikikwama naweza kuzitoa pesa za pensheni? (Wengi)

Si kwa urahisi, na ndivyo inavyotakiwa. Pesa za dharura weka sacco kwanza.

Nimenunua ploti Kitengela. Hiyo ndiyo pensheni yangu. (Muuguzi, Machakos)

Hilo si swali, lakini haya. Ploti tupu haimnunulii mzee dawa mwisho wa mwezi. Itabidi auze, na auzaye akiwa na shida hupangiwa bei na mnunuzi. Ardhi sina ugomvi nayo. Endelea nayo, na uchange pembeni.

Nauza mboga Kongowea, sina mwajiri. Kuna mpango wa watu kama sisi? (Mama wa Mombasa)

Upo, mama. NSSF wana Haba Haba, unaanza na Sh25 kwa siku, na mipango ya kibinafsi pia inapokea wasio na mwajiri. Unapojaza fomu, andika majina ya watakaorithi kama yalivyo kwenye vitambulisho, na uyabadilishe majina hayo kila hali ya ndoa au ya watoto inapobadilika. Wajane wengi husumbuka kwa sababu mteule bado ni mama mkwe. Na kabla ya kubonyeza PIN, soma jina linalotokea kwenye simu: liwe la mfuko. Likiwa la mtu binafsi, hata akiwa yule kijana mpole aliyekuja sokoni na fulana ya kampuni, usitume.