Yupo, yuko au yumo kikundini?

SWALI: Tuko watu 12, kila mmoja anafanyia kazi kwake, na tunakutana katika kikundini yetu ya kuchati. Juzi kiongozi aliuliza, "Rehema yuko?" Mmoja akajibu "Yumo," mwingine "Hayupo." Wakabishana, kila mmoja akidai mwenzake kakosea. Nani amesema sawasawa?

JIBU: Wote wawili. Rehema yumo, ila hayupo, na nimefurahi sana kuletewa swali hili.

Shuleni tulifundishwa kwamba -po ni ya mahali dhahiri, -ko ya mahali pasipo dhahiri, -mo ya ndani. Kwa chungu na kabati kanuni hiyo haisumbui. Kikundi cha mtandaoni hakina kuta, lakini wasemaji wameshaamua wenyewe kwamba kina ndani yake, ndiyo maana tunasema fulani kaingizwa, katolewa, au katoka kwa hiari. Basi aliyeingizwa na hajatoka, yumo, hata kama amelala na simu kaizima. Vivyo hivyo waraka uliotumwa wiki iliyopita: umo, rudi juu utauona.

Yupo ni habari nyingine, ni ya kuhudhuria. Anayeandika "Nipo, nasoma" anawaambia wenzake kwamba anafuatilia sasa hivi na akiulizwa atajibu. Kwa watu wasioonana, neno hilo moja linafanya kazi ya kunyoosha mkono jina linapoitwa. Ningependa mlilinde, msilichanganye na yumo, kwani anayesubiri jibu la haraka anataka kujua nani yupo, si nani yumo.

Kiongozi wenu naye aliuliza vizuri. Hakujua Rehema aliko, kwa hiyo -ko ilimfaa, kama ambavyo ingefaa kumjibu "Yuko safarini" au "Yuko kwenye kikao kingine." Wengi siku hizi hutumia yuko kwa yote matatu, na wanaelewana.

Kuna jambo hukuliuliza. Umeandika "katika kikundini yetu". Kiambishi -ni tayari kimebeba maana ya katika, kwa hiyo chagua kimoja. Ukisema "katika kikundi", fuata ngeli ya kikundi: katika kikundi chetu cha kuchati. Ukisema "kikundini", upatanisho unahamia kwenye mahali: kikundini mwetu, ukikusudia ndani, au kikundini kwetu. "Yetu" haina nafasi hapo. Kuchati lenyewe sina ugomvi nalo. Limezoeleka, na linanyambulika bila taabu: tunachati, tulichatiana.