Somoe, jina lako bado lipo

Mwanangu Somoe,

Assalaam aleykum. Ujumbe wako wa usiku nimeusoma alfajiri, nikaurudia baada ya chai. Umeuliza: "Mama, ulipotuzaa sisi, wewe mwenyewe ulibaki wapi?" Unasema huko Newala umekuwa Mama Nassoro kwa majirani, kwa muuza samaki, hata kwa mumeo. Juzi mtu kaita "Somoe" sokoni, ukachelewa kugeuka.

Mimi swali hilo sikuthubutu kumuuliza mama yangu, ila nililala nalo siku nyingi. Ulizaliwa msimu wa korosho. Baba yako yuko shamba anaokota, mimi niko ndani nimefungwa tumbo, nakandwa maji ya moto, nakunywa uji wa pilipili manga. Kila aliyeingia alimtazama mtoto kwanza. Siku ya tisa nikalia. Nikaambiwa nakufuru: mtoto mzima, maziwa yapo, unalia nini? Walinikosea, na sitaki mtu akuambie wewe hivyo. Nilikuwa nakupenda na nilikuwa najililia, yote mawili kwa wakati mmoja.

Aliyenishika mkono ni bibi yako. Arobaini ilipotoka, kila alasiri alikuja akakupakata, akaniambia, "Haya, nenda kwenye ukili wako." Unajua kabla yako nilikuwa msukaji, mikeka yangu ilijulikana Mikindani nzima. Nikaketi chini ya mwembe na ukindu wangu. Vidole vilikuwa vizito. Mara mtoto wa jirani akalia, maziwa yakanitoka yakalowesha kanga, nikainuka nirudi ndani. Bibi yako akaniita kutoka barazani kwa jina langu la utotoni, si Mama Somoe. "Keti. Huyu hapa kalala." Nikaketi. Siku ile nilisuka shibiri mbili tu, tena mbovu, zimelegea. Sikuzifumua. Zimo kwenye mkeka uliolalia wewe na kaka yako, pembeni kule, ukipitisha kidole utazigundua.

Sikudanganyi kwamba vyote vilirudi. Ngoma za usiku niliziacha, na nilizililia. Usingizi wa kisichana sijauona tena. Lakini ile saa ya alasiri hakuna aliyeninyang'anya, na humo ndimo nilimokuwa, mwanangu. Ndilo jibu la swali lako.

Sasa na wewe itafute saa yako. Wewe si msukaji, ni mwalimu na mchezaji wa netiboli. Likizo yako ya siku 84 inaelekea ukingoni. Ukirudi kazini sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Zidai, usione haya. Mumeo naye mwambie kwa mdomo, usingoje aote, kwamba saa kumi jioni mtoto ni wake. Kumpakata mwanawe si kukusaidia kazi yako.

Kuna jambo moja linanitia wasiwasi. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi, na kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili hivi. Wewe una miezi miwili tangu ujifungue. Kama huli, au hulali hata mtoto akilala, au humtamani kumshika, usiseme ni uchovu. Siku ya kliniki, Nassoro akishapimwa uzito, usiondoke. Mwambie nesi habari zako wewe. Na kama utahisi kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje siku ya kliniki, nenda hospitali saa hiyohiyo na unipigie simu.

Nakuja Alhamisi, kwa basi linalopitia Tandahimba. Nitakaa wiki mbili, na kila alasiri Nassoro ni wangu. Kukimbia usianze mpaka kliniki wakuruhusu; kwa sasa nenda tu uwanjani ukatupe mpira na wenzako. Raba zako nilizikuta chini ya kitanda, nimezifua, ziko juani barazani. Nakuja nazo.

Mama yako,
Mikindani