Kambi inaisha siku 6 kabla ya mashindano: niende?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Nkuhungu, Dodoma. Kuogelea, baiskeli na kukimbia, vyote nafanya kama saa 7 kwa wiki. Nimejiandikisha triathloni yangu kubwa ya kwanza huko pwani: kilomita 1.5 baharini, 40 za baiskeli na 10 za kukimbia. Kuna kambi ya siku 5 hapa hapa Dodoma, jumla saa 20 za mazoezi, inaisha siku 6 kabla ya mashindano. Ada nimeshalipa. Itanijenga au itaniharibia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukiifanya yote kama ilivyopangwa, itakuharibia. Umezoea saa 7 kwa wiki, na hapo unabebeshwa karibu mara tatu yake kwa siku tano.

Mazoezi mazito siku ya kuyafanya hayakupi nguvu, yanakuchosha. Nguvu inakuja baadaye, mwili unapojikarabati. Kinachowadanganya wengi ni kwamba akiba ya wanga kwenye misuli hujaa tena ndani ya siku moja au mbili ukila vizuri, basi mtu anajisikia mzima kabisa. Lakini nyuzi za misuli zilizoumia bado hazijapona. Ndiyo maana tunataka kambi nzito iishe wiki 2 hadi 3 kabla ya mashindano, kisha mzigo upungue hadi siku yenyewe.

Kwanza waombe waandaaji wakuhamishie kambi nyingine. Wakikataa, nenda, ila fanya saa 5 au 6 tu kwa siku zote tano. Zile safari ndefu za baiskeli ziache kabisa, hata kama wenzako watakuona mvivu. Chukua ufundi: kuinua macho kutazama mbele huku unaogelea, kuvaa viatu haraka, na kushuka kwenye baiskeli ukaanza kukimbia hapo hapo. Miguu siku ya kwanza huwa mizito kama ya mtu mwingine, na ni vizuri ukutane na hali hiyo kambini kuliko pwani.

Kila asubuhi, kabla hujatoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Yakizidi ya kawaida yako kwa 7 au zaidi na usingizi ulikuwa mbovu, siku hiyo pumzika.

Utaambiwa pia kwamba mwinuko wa Dodoma utakuongezea damu. Tuko kama mita 1,100 tu; wanaotafuta faida hiyo hupanda hadi kama Iten, Kenya, kwenye mita 2,400 hivi. Joto ndilo la kuliwazia zaidi. Hapa hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na kukauka huko ndiko kunakokupoza. Pwani hewa imejaa unyevu: jasho linachuruzika bila kukupoza, na kasi yako ya Dodoma itakushinda mapema. Ukiweza, tangulia kule siku chache, na kilomita 10 za baiskeli za mwanzo ziende taratibu kuliko unavyotamani.

Kujua unapoteza maji kiasi gani, jipime uzito kabla na baada ya zoezi la saa moja. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Usinywe kupita unachopoteza, maana maji mengi mno hupunguza chumvi kwenye damu na ni hatari.

Kuogelea kufanyike kwenye bwawa la kuogelea lililotunzwa. Wakipendekeza Mtera, kataa: kuna mamba na viboko. Mabwawa mengine ya maji yaliyotuama nayo yana hatari ya kichocho.

Kwenye baiskeli, beba tyubu mbili na pampu, maana miiba ya migunga huku haina huruma. Toka saa 12 asubuhi kabla upepo haujachachamaa, na uiepuke barabara ya Morogoro kwa sababu ya malori.

Nitumie mapigo yako ya asubuhi ya siku tatu zijazo, nikupangie saa hizo 6 zigawanyike vipi.